Mwongozo Kamili wa Miezi Sita ya Kwanza ya Mmisionari Kijana Nchini Thailand

Vijana wanaotumwa kuhubiri Injili nchini Thailand hukwama mahali pamoja, nami nimeyasikia malalamiko yao mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kuyamalizia kabla hawajayamaliza wenyewe: mwezi wa kwanza kila mtu anatabasamu, mwezi wa tatu hakuna anayeuliza swali lolote, na ifikapo mwezi wa sita kijana anajikuta anakula, anasali na kuzungumza na wageni wenzake tu. Karibu kila mara kosa limo katika mpangilio wa mambo, kwa sababu anaanza kusema kabla hajaweza kusikia. Katika nchi ambayo zaidi ya watu 90 kati ya kila 100 ni Wabudha wa Theravada, yaani tawi la kale la dini ya Buddha, na Wakristo ni kama mtu mmoja kati ya 100, kosa hilo halisameheki kwa urahisi.

Hatua zifuatazo nimezipanga kama nilivyolazimika kuzipanga upya mimi mwenyewe katika mji mdogo wa Isan, yaani ukanda wa kaskazini-mashariki, baada ya kuzianza kinyumenyume. Zifuate kwa mfuatano huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya safari

Andaa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, barua ya mwaliko kutoka kanisa au shirika linalotambuliwa na serikali ya Thailand, barua ya kanisa linalokutuma, nakala za vyeti vyako vya shule na picha ndogo za kutosha. Beba viatu vya kuvulika haraka, visivyo na kamba, kwa maana utavivua mara nyingi kwa siku. Weka nguo za heshima zinazofunika mabega na magoti, na nguo moja nyeusi kwa ajili ya misiba. Utahitaji pia daftari dogo la mfukoni, kinasa sauti au simu inayorekodi vizuri, na Biblia mbili: moja ya Kiswahili ya kukulisha wewe, nyingine ya Kithai utakayoinunua ukifika.

Acha nyumbani vipeperushi. Vitakutia haraka usiyoihitaji.

## Hatua ya 1: Nyoosha karatasi zako

Thailand inahitaji cheti cha homa ya manjano kwa wasafiri wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, na chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kuwasili. Ukishuka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, pitia kwanza dawati la afya, ndipo uende kwa maofisa wa uhamiaji. Wanaokwenda moja kwa moja uhamiaji hurudishwa nyuma ya foleni wakiwa wamechoka na safari ya usiku kucha.

Omba viza ya kazi za dini, ile ya herufi R, kwa kupitia kanisa linalokualika. Usiingie kama mtalii ukitumaini kubadilisha baadaye, kwa kuwa huduma yako inahesabiwa kuwa kazi hata kama hulipwi senti: kufundisha Kiingereza bure kwenye ukumbi wa kanisa bila kibali cha kazi kunatosha kukufukuzisha nchini, na aibu yake inalipata kanisa lililokualika.

Ukishapanga chumba, mwenye nyumba anatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba anaishi na mgeni. Muombe nakala ya risiti na uihifadhi. Kila baada ya siku 90 unaripoti anwani yako, na dirisha la kuripoti hufunguliwa siku 15 kabla ya tarehe na kufungwa siku 7 baada yake. Jambo linalowaponza wengi ni safari fupi ya nchi jirani: ukitoka bila kibali cha kurejea, viza yako hufa pale mpakani.

Zisome tarehe kwa uangalifu, kwa maana kalenda ya Kibudha iko mbele kwa miaka 543, na mwaka 2025 huandikwa 2568. Kazi ya hatua hii imekamilika utakapokuwa na bahasha moja yenye nakala zote, na tarehe ya siku 90 imeandikwa ukutani ambapo unaiona ukipiga mswaki.

## Hatua ya 2: Panga chumba katikati ya watu

Kataa kwa upole chumba ndani ya uzio wa misheni, hata kama ni cha bure. Tafuta chumba kwenye kichochoro chenye mama muuza chakula, fundi wa pikipiki na bibi anayekaa nje jioni. Wewe unahitaji kuonekana ukifagia, ukianika nguo na ukinunua mchicha, kwa sababu watu wa kijijini watakupima kwa mambo hayo muda mrefu kabla ya kukupima kwa maneno.

Usisogeze wala kuchezea kijumba kidogo kilichosimama juu ya nguzo uani, chenye maua na mara nyingi chupa ya soda nyekundu iliyotiwa mrija. Hicho ni kijumba cha roho mlinzi wa kiwanja. Huna haja ya kukitolea kitu, na huna ruhusa ya kukiondoa.

## Hatua ya 3: Jifunze lugha kwa muda wa saa nne kila siku

Hapa ndipo kijana anashinda au anashindwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Kithai kina toni tano, yaani namna za kupandisha na kushusha sauti zinazobadilisha maana ya neno: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Neno *klai* likitamkwa kwa toni ya kati ni "mbali", na likitamkwa kwa toni ya kushuka ni "karibu". Neno *suai* kwa toni ya kupanda ni "mrembo", lakini kwa toni ya kati linamaanisha mkosi. Kijana anayesema toni ovyo humwambia mwenye nyumba kwamba binti yake ni mkosi, na tabasamu linalofuata analisoma kama shukrani.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji ambao wengi hawajui kwamba wanao. Neno *ngan*, yaani kazi, huanza kwa sauti ile ile ya ng'ombe, ambayo Wazungu wengi huhangaika nayo kwa miezi. Mtu wa Mombasa anayetofautisha kwa pumzi paa wa porini na paa la nyumba tayari ana masikio ya kutenganisha *p* na *ph* za Kithai. Na saa za usiku ni kama zetu kabisa: saa moja usiku ni *nueng thum*, yaani moja, saa mbili ni *song thum*, yaani mbili, hadi saa tano. Siku niliyoligundua hilo nilimweleza mwalimu wangu kwamba hata kwetu saa moja huanza jua likizama, naye akaita walimu wenzake waje wasikie.

Gawa saa nne hivi. Saa mbili za asubuhi ziwe za mwalimu, ana kwa ana. Saa moja iwe ya kusoma na kuandika herufi: konsonanti ni 44, na maneno hayaachiwi nafasi kati yake, kwa hiyo anza herufi wiki ya kwanza, usiridhike na Kithai cha herufi za Kilatini, kwa maana herufi zenyewe ndizo zinazokuonyesha toni. Saa ya mwisho iwe ya mtaani: chagua sentensi moja tu kila siku, iseme kwa watu 20 tofauti, na sikiliza wanavyokurekebisha.

Malizia kila sentensi kwa *khrap* kama wewe ni mwanamume, au *kha* kama ni mwanamke. Bila neno hilo unasikika kama mtu anayeamrisha. Waite watu kwa undugu: *phi* kwa anayekuzidi umri kidogo, *nong* kwa mdogo wako, *lung* kwa baba mkubwa, *pa* kwa mama mkubwa, *yai* kwa bibi. Hili kwetu halina ugeni.

Jifunze Kithai sanifu kwanza, ndipo ujifunze lahaja ya unakoishi. Katika Isan, nyumbani watu husema lugha iliyo jirani sana na Kilao. Kipimo cha hatua hii ni kwamba bibi wa kichochoroni anaacha kukusemesha kwa ishara za mikono na anaanza kukulalamikia bei ya mchele.

## Hatua ya 4: Weka kichwa juu, miguu chini, na kila kitu mahali pake

Salamu ya *wai*, viganja vikiwa vimekutana kifuani na kichwa kikiinama, inakwenda kama shikamoo: mdogo ndiye anayeanza, mkubwa anaitikia. Usimwanzie mtoto wala mhudumu anayekusalimu dukani. Kuinamisha kichwa kunatosha. Mtawa hatarudisha *wai* yako, na hilo si dharau.

Kichwa cha mtu ni kitu cha heshima kuu, na miguu ndiyo ya chini kabisa. Usimpapase mtoto kichwani kama tunavyowabariki watoto kwetu. Usinyooshe miguu kuelekea mtu, sanamu ya Buddha au picha ya mfalme, na usizuie kwa kisigino noti inayopeperushwa na upepo, kwa kuwa sura ya mfalme imo ndani yake. Sheria ya jinai, kifungu cha 112, inaadhibu kumtukana mfalme kwa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, kwa hiyo habari za ufalme usizifanyie mzaha hata miongoni mwa marafiki. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa stendi au bustanini, simama ulipo hadi uishe.

Kwa dada zetu kuna onyo la peke yake: mwanamke hamgusi mtawa, wala hampi kitu mkono kwa mkono. Weka kitu juu ya kitambaa anachokitandaza, au mpe mwanamume akikabidhi. Ndani ya basi, viti vya watawa viachwe wazi.

Nilichojifunza kwa maumivu kinahusu kitabu. Katika mkutano wangu wa kwanza wa nyumbani tulikaa mkekani, watu saba, nami nilipomaliza kusoma nikaiweka Biblia sakafuni kando ya goti langu ili nishike kikombe cha maji. Mzee mmoja jirani, Mbudha aliyekuja kwa ajili ya kunisindikiza tu, alijongea kwa magoti, akaiokota kwa mikono miwili, akaipangusa vumbi kwa ukingo wa shati lake na kuiweka juu ya kabati. Hakusema neno. Maandiko ya dini kwake hukaa juu, na kwa tendo langu nilikuwa nimemwambia kwamba kitabu changu hakina uzito. Tangu siku hiyo Biblia yangu haijagusa sakafu, nawe fanya vivyo hivyo.

## Hatua ya 5: Panga siku yako kwa saa za kijiji

Amka kabla ya saa kumi na moja na nusu. Sali mapema, kisha uwe nje na ufagio kama saa kumi na mbili, wakati watawa wanapopita pekupeku wakiwa na mabakuli yao. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na kitu, huvua kandambili, hupiga magoti ukingoni mwa barabara na kudondosha tonge la wali wa kunata katika kila bakuli. Kisha watawa husoma baraka, naye anamimina maji taratibu ili thawabu ya tendo lile imfikie marehemu mumewe. Wewe simama kando kimya. Huhitaji kushiriki, lakini usipite katikati, usiwashe pikipiki, na usipige picha.

Mwache amalize, naye atakuuliza *kin khao rue yang*, kama umeshakula. Ni salamu, lakini mara nyingi ni mwaliko pia. Kubali. Wali wa kunata wa Isan hutolewa kwenye kikapu kidogo cha mianzi, hufinyangwa kwa vidole vya mkono wa kulia na kuchovywa kwenye mchuzi, na yeyote aliyelelewa kwa ugali atajiona yuko nyumbani. Vyakula vingine huliwa kwa kijiko na uma: uma unasukuma, kijiko ndicho kinachoingia mdomoni. Pilipili ya *som tam*, saladi ya papai bichi, anza na moja.

Asubuhi iwe ya lugha, mchana wa jua kali uwe wa kusoma ndani, jioni iwe ya benchi la nje. Usijaze ratiba ya mikutano. Kipindi cha joto, Machi hadi Mei, mwili utakudai pumziko, na ukaidi hapo huishia hospitali.

Ukiwa unapitisha wiki nzima bila kula chakula kimoja nyumbani kwa Mthai, simama na ujiulize umekosea wapi, hata kama daftari lako la lugha limejaa.

## Hatua ya 6: Pima maneno ya imani kabla ya kuyatamka

Mmisionari kijana anapokariri ushuhuda wake na kuutafsiri neno kwa neno, maneno yake bora ndiyo yanayogeuka kumpinga.

Chukua "kuzaliwa upya". Kwa Mbudha, kuzaliwa tena na tena ndiko kifungo chenyewe anachotamani kukitoka. Unapomwahidi kwamba Yesu atampa kuzaliwa upya, na kisha maisha yasiyo na mwisho, amesikia ahadi ya mateso yasiyo na mwisho. Chukua "dhambi", *bap*: kwake hilo ni tendo baya kama kuua au kuiba, kinyume cha amri tano anazozijua tangu utoto, kwa hiyo ukimwambia kwamba wote wametenda dhambi atakujibu kwa dhati kwamba yeye hajaua mtu. Chukua "Mungu": mafundisho ya Kibudha hayaanzi na muumba, kwa hiyo sentensi "Mungu anakupenda" inaelea hewani bila mahali pa kutua. Hata neno *bun*, thawabu, ambalo sisi tuliokulia jirani na Waislamu wa pwani tunadhani tunalijua, lina kazi ya ziada, kwa maana mtu anaweza kulichuma na kumpelekea mama yake aliyekufa.

Fanya hivi. Andika ushuhuda wa dakika tatu kwa maneno ya kawaida, na pale ulipozoea kutumia msamiati wa kanisani weka tukio: ulikuwa wapi, uliogopa nini, nini kilibadilika. Usome mbele ya mzee Mkristo Mthai, akurekebishe. Maombi na habari za Yesu hutumia lugha ya heshima ya kifalme, *rachasap*, na kuikosea kunasikika kama utovu wa adabu. Kisha msomee jirani Mbudha anayekupenda, na umuombe akusimulie alichosikia. Usimkatize. Anachokusimulia ndicho ulichohubiri.

Katika kufundisha, anza na habari ya Muumba katika Mwanzo kabla ya kufika msalabani, hata kama itakuchukua majuma mengi. Na habari ya mwana mpotevu katika Luka 15 iweke karibu: mahali ambapo shukrani kwa wazazi, *katanyu*, ndiyo kipimo cha utu, mwana anayedai urithi baba angali hai huwashtua wasikilizaji kabla hujaeleza lolote, na baba anayemkimbilia huwashtua zaidi.

Utaambiwa mara nyingi kwamba dini zote hufundisha watu kuwa wema. Usibishane. Ni sentensi ya kulinda amani kati yenu, na mtu anayeisema bado anataka urafiki. Kamwe usikebehi sanamu au hekalu, kwa kuwa ni kosa la jinai na, kabla ya sheria, ni kumvunjia heshima mtu aliyekulisha. Uhuru wa dini umo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya 2017, nawe unafaidika nao kila siku.

Umefaulu pale jirani anapokusimulia ushuhuda wako bila kukosea, na hasa pale anapouliza swali ambalo hukulitarajia.

## Hatua ya 7: Nenda msibani

Msiba huchukua usiku kadhaa wa visomo vya watawa kabla ya kuchoma maiti. Vaa nyeusi, fika mapema, kaa nyuma ukiwa umekunja miguu upande mmoja, na mpe mfiwa bahasha yenye rambirambi kwa mikono miwili. Kuhusu kuwasha ubani na kuinama mbele ya jeneza, muulize mchungaji Mthai kabla ya kwenda; makanisa yana misimamo yao, na wengi husimama kimya na kuinamisha kichwa. Baada ya hapo osha vyombo. Asiyekuja msibani, hata awe msemaji hodari, hana neno la kusema juu ya uzima.

## Hatua ya 8: Andika barua za kweli kwa waliokutuma

Kanisa la nyumbani litauliza umebatiza wangapi. Shinikizo hilo ndilo linalowafanya vijana wahubiri kabla ya wakati na kutia chumvi katika taarifa. Kabla ya kusafiri, kubaliana na wazee wa kanisa kwa maandishi kwamba miezi sita ya kwanza utaripoti saa za lugha, nyumba ulizoalikwa na maswali uliyoulizwa. Usitume picha za sura za watu wanaouliza habari za imani.

## Hatua ya 9: Mtu akitaka kuamini, nenda kwanza kwa mama yake

Mara nyingi wa kwanza ni kijana wa umri wako. Fahamu alichobeba: mwana wa kiume anatarajiwa kuvaa joho la utawa kwa muda, mara nyingi kabla ya kuoa, na thawabu ya tendo hilo humwendea mama aliyemzaa. Kijana akibatizwa, mama anaweza kusikia kwamba mwanawe amemnyima mbingu.

Usimbatize kwa siri wala kwa haraka, na kama hajafikia umri wa utu uzima usifanye lolote bila idhini ya wazazi. Usimpe fedha, kazi wala nafasi ya shule iliyofungamana na imani. Fuatana naye na mzee wa kanisa Mthai, nendeni nyumbani na matunda, kaeni sakafuni, na mwache kijana mwenyewe amwambie mama yake kwamba Maandiko yanamwamuru kuwaheshimu baba na mama, na aeleze kwa vitendo atakavyofanya: atatuma kiasi gani kila mwezi, atakuja siku zipi, nani atamtunza uzeeni. Mama akilia, nyamazeni. Akikataa, rudini mwezi unaofuata, na mwezi baada ya huo.

Kwa kijana niliyefuatana naye mimi ilikuwa safari ya nne ndipo mama alipotuletea maji, na safari ya sita alimtengea mwanawe wali, akaufunika kwa sahani, na kumwambia asali kwa Mungu wake kabla haujapoa.